Kabla Hujapiga Windows Upya



Kuna neno ambalo kila aliyewahi kupeleka kompyuta kwa fundi amelisikia: "Hii tupige Windows," yaani tuifute na kuiweka upya. Mashine ni nzito, tupige Windows. Printa haionekani, tupige Windows. Apdeti imegoma, skrini imeandika maneno ya Kiingereza na namba ndefu, na hata kabla namba haijasomwa, tupige Windows. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na neno hilo limetoka kinywani mwangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Leo nataka tuzungumze juu ya hatua inayorukwa kila mara, nayo ni kusoma. Sasisho la mfumo likigoma, kompyuta huwa imeshasema limekwamia wapi. Anayefuta kila kitu kabla ya kuisikiliza hana tofauti na daktari anayempasua mgonjwa kabla hajamuuliza anaumwa wapi.

Siku moja alinijia mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, laptop yake ameiviringisha kwenye kanga ndani ya mkoba. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimetoka kwa fundi mwingine, kasema nimpe elfu ishirini aipige Windows. Ila humu ndani mna alama za wanafunzi wangu za miaka sita, na picha za marehemu mama yangu. Nikamuuliza, zitapona? Akasema, zikipona ni bahati."

Nikaiwasha. Ilifunguka vizuri tu. Nikaingia kwenye mipangilio, ukurasa wa masasisho, nikakuta orodha nzima imeshindikana na chini yake namba hii: 0x80072f8f. Kabla sijaanza kuitafakari, jicho likaangukia pembe ya chini kulia, kwenye saa. Kompyuta ilikuwa inaishi tarehe 1 Januari 2012.

"Hiyo tarehe naibadilisha kila siku," akasema mama. "Nikichomoa umeme, inarudi."

Hapo ugonjwa wote ulikuwa umeshajitaja. Kompyuta nyingi zina betri ndogo, mbali na ile kubwa ya kuchaji, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine imezimwa. Ikifa, saa inapoteza majira. Na saa ikipotea, masasisho hayaji, kwa sababu kompyuta ikiwasiliana na seva za Microsoft huanza kwa kudai cheti cha utambulisho, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayodhani ni 2012 ikionyeshwa cheti kilichoanza kutumika mwaka jana, inakiona ni cha siku ambazo hazijafika. Inakikataa na kukata mawasiliano. Haijakosea: imefanya kazi ya ulinzi kama ilivyofundishwa, ila imepewa kalenda ya uongo.

Nikaigeuza, nikafungua skrubu za chini, nikainua mfuniko. Betri ilikuwa pembeni karibu na feni, ukubwa wa sarafu, imevikwa plastiki nyeusi, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zinaingia kwenye soketi ndogo nyeupe. Ikiwa nzima hupima volti 3. Ile ya mama haikufika hata volti moja. Nikaweka mpya, nikarekebisha tarehe, nikabonyeza kitufe cha kutafuta masasisho. Jioni alipokuja kuichukua ilikuwa imeshajizima na kujiwasha mara kadhaa, na ukurasa wa masasisho unasema kila kitu kiko sawa. Yeye hakuangalia ukurasa huo. Alifungua folda ya picha, akaishusha taratibu mpaka mwisho, akaifunga, ndipo akauliza bei.

Wapo watakaoniuliza: kwani masasisho ni lazima? Si bora tuyazime, maana bando lenyewe tunalihesabu kwa megabaiti? Swali hilo nalipa heshima yake, kwa sababu nakijua kifurushi cha mwanafunzi wa chuo kinaishaje Jumatano asubuhi. Lakini sikilizeni kilichotokea 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikishana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei programu haribifu iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu hilohilo, ikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ndani ya siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeguswa. Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Dawa ilikuwa imekaa hadharani siku 59, bure. Waliokuwa wameipokea hawakuguswa.

Kwa hiyo jibu la bando si kuyazima masasisho, ni kuyapangia wakati. Masasisho ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003, na yanapotoka kwetu Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani. Windows ina sehemu ya kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, mashine haivuti mizigo mikubwa bila idhini yako, mpaka ufike penye Wi-Fi au ununue bando la usiku. Na kwenye maabara ya shule yenye kompyuta 20, ipo mipangilio inayoruhusu mashine moja ikishavuta sasisho, nyingine zilichukue kutoka kwake humohumo ndani, badala ya kila moja kwenda intaneti kivyake. Nimeona shule inayolipia intaneti kwa shida, na mpangilio huo umezimwa kwa sababu hakuna aliyejua upo. Walimu wa kompyuta mliomo humu, naomba Jumatatu mkautazame.

Tuje sasa kwenye kugoma kwenyewe.

Sasisho hupita hatua. Kwanza mashine huuliza seva nini kinahitajika. Halafu huvuta mzigo na kuuhifadhi kwenye folda ya muda. Kisha huufungua, huukagua kama haujaharibika njiani, na kuandaa mabadiliko wakati wewe unaendelea na kazi zako. Mwisho hujizima na kujiwasha, na katika dakika zile za asilimia zinazopanda polepole ndipo mafaili yenyewe ya mfumo hubadilishwa, kwa sababu faili linalotumika sasa hivi halibadilishiki. Likigoma kwenye kuvuta, tafuta mtandao, saa, au nafasi ya diski. Likigoma kwenye kufungua na kuandaa, shuku ghala la mafaili ya mfumo. Likigoma baada ya kujizima, mara nyingi kuna draiva (programu inayoendesha kifaa) au kifaa fulani kinachogombana na mfumo mpya.

Na naomba tuelewane juu ya ile skrini inayowatisha watu, inayosema mabadiliko yanarudishwa nyuma. Wengi wakiiona huishika swichi na kuzima. Msifanye hivyo! Mashine inayorudi nyuma inajiokoa: imejaribu, imeona haiwezekani, na sasa inarudisha kila kitu kilipokuwa. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kuizima katikati ni kumsukuma mtu anayeshuka ngazi. Kama umeme wa mtaani kwenu hukatika, na betri ya laptop imekufa au ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usianze sasisho siku yenye mawingu ya mvua. Nalisema hili kwa uzito uleule niliotumia kusimulia WannaCry.

Mashine ikisharudi salama, hukuachia namba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namba hii ndiyo tunayoiruka.

Chukueni 0x80070070. Ile 0x mwanzoni inasema tu kwamba hesabu hii ni ya mfumo wa kumi na sita, ule unaohesabu 0 hadi 9 kisha A hadi F. Ile 8 inasema: nimeshindwa. Tarakimu tatu zinazofuata, 007, zinataja ukoo wa kosa, na ukoo huu ni makosa ya kawaida ya Windows yenyewe. Ingekuwa 024, ungejua kosa limetajwa na idara ya masasisho. Tarakimu nne za mwisho, 0070, ndizo kosa lenyewe. Geuza 70 ya mfumo wa kumi na sita kuwa hesabu yetu: saba mara kumi na sita, jumla 112. Sasa fungua lile dirisha jeusi la amri, andika net helpmsg 112, bonyeza Enter. Kompyuta itakujibu kwa Kiingereza cha kawaida kabisa: diski haina nafasi ya kutosha.

Basi. Hakuna uchawi. Namba iliyoonekana kama laana ilikuwa inasema, "Nimejaa." Na dawa yake ni kufuta filamu ambazo umeshaziangalia, kumwaga pipa la taka, kuhamishia video kwenye diski ya nje, na kuiendesha programu ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows. Sasisho kubwa la kubadilisha toleo linahitaji gigabaiti nyingi za kufanyia kazi. Mimi sianzi kama hakuna 20 wazi. Mtu aliyepigiwa Windows kwa sababu ya namba hii amepoteza mafaili yake kwa kosa la kujaza ghala.

Anayeona hesabu inamchosha atumie kikokotoo cha Windows kwenye hali ya waandishi wa programu. Atie namba, kitamgeuzia. Tujaribu nyingine ubaoni. 0x80070422: nne mara 256 ni 1024, mbili mara 16 ni 32, ongeza 2, jumla 1058. Iulize mashine maana ya 1058, itakwambia kwamba huduma inayotakiwa imezimwa. Imezimwa na nani? Hapa mafundi wenzangu tuvumiliane, nitasema kweli. Mara nyingi tumeizima sisi. Tunaweka Windows ya kwenye flashi, ile iliyopunguzwapunguzwa ili iwe nyepesi, ambayo aliyeipunguza ameng'oa vifaa vya masasisho. Au tunaendesha kile kiprogramu cha kuifanya Windows ya bure ionekane imelipiwa, na kiprogramu hicho kinafunga njia za kuelekea Microsoft. Mteja anaondoka kafurahi. Miezi mitatu baadaye anarudi na kosa la masasisho, tunamtoza tena, tunampigia Windows ileile. Mteja huyo ni mama wa stesheneri anayechapa barua za watu na kujaza fomu zao, akiingiza namba za vitambulisho vyao humo. Hatuwezi kuendelea hivi. Kama mteja hana uwezo wa kununua leseni, tumwambie wazi, tumwekee Linux, kama Ubuntu au Mint, ambazo ni bure kihalali na zinapokea masasisho yao. Kuandika barua na kuingia intaneti kunawezekana huko bila shida.

Lakini namba nayo ni shahidi, na shahidi anaweza kukosea. Nina kisa kimoja cha kweli cha kuwaonyesha, na ni kisa ninachokipenda kwa sababu kilitufundisha wengi.

Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441. Lilikuwa la kuziba tundu la usalama katika mazingira ya uokoaji, yaani ile Windows ndogo iliyojificha kwenye patisheni yake (kipande cha diski kilichotengwa), inayojitokeza kompyuta ikishindwa kuwaka. Kompyuta nyingi duniani, za majumbani na za ofisini, zikalikataa na kuandika 0x80070643. Igeuzeni: inatoka 1603, maana yake kosa kubwa limetokea wakati wa kusakinisha. Ni jibu la mtu anayeulizwa kwa nini hakuja kazini, akajibu, "Sikuja." Watu wakafuta folda za muda, wakakagua mafaili ya mfumo, wakarudia tena na tena, namba ileile. Wengine wakapiga Windows, na kama hawakugusa mgawanyo wa diski, patisheni ikabaki na ukubwa uleule na kosa likawasubiri palepale.

Kwa sababu tatizo lilikuwa nafasi. Si nafasi kwenye diski C, ambayo mtu angeweza kuiona ina gigabaiti mia wazi, bali nafasi kwenye ile patisheni ndogo ya uokoaji, ambayo kwenye mashine nyingi iliwekwa ikiwa na megabaiti mia tano hivi tu. Sasisho lilihitaji megabaiti 250 wazi humo ndani. Microsoft yenyewe ilikiri kwamba ujumbe haukuwa sahihi: mashine ilipaswa kusema nafasi haitoshi, ikasema kosa kubwa limetokea. Baadaye ikasema hakutakuwa na ufumbuzi unaojiendesha wenyewe. Mwenye mashine aipanue patisheni kwa mkono.

Namna ya kuipanua ni hii kwa ufupi, na nawaomba wasio mafundi waisikilize tu bila kwenda kuijaribu usiku huu. Unaandika reagentc /info kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi, unaona patisheni ya uokoaji iko wapi. Unaizima kwa reagentc /disable. Unapunguza diski C kwa megabaiti 250, unafuta ile patisheni ndogo, unaiumba upya ikiwa kubwa zaidi, unaiwasha tena kwa reagentc /enable. Katikati hapo ukikosea namba ya patisheni, unaweza kufuta kila kitu cha mteja. Kwa hiyo unanakili mafaili kwanza, na kila amri unaisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Mimi husoma kwa sauti hata nikiwa peke yangu dukani.

Na mashine zilizokuwa hazina kabisa mazingira ya uokoaji? Hizo hazikulihitaji sasisho hilo hata kidogo. Kosa lilikuwa jekundu kwenye skrini, lakini mwenyewe angeweza kuliacha likae. Wakati mwingine kujua kwamba jambo halikuhusu ni utambuzi kamili wa ugonjwa.

Basi shahidi akikosea tunamwendea nani? Tunaenda kwenye daftari. Windows huandika kila inachofanya. Faili moja liko kwenye folda ya Windows, ndani ya Logs, ndani ya CBS, linaitwa CBS.log. Ni refu na linachosha, lakini huhitaji kulisoma lote. Tafuta ndani yake neno error, soma mistari kumi iliyo juu ya hilo neno, na utaona jina la faili au la kifurushi kilichokwama. Jina hilo ndilo la kutafuta, pamoja na namba ya KB. Wanafunzi wangu huona hii ni kazi ya wakubwa. Si kweli. Ni kazi ya mwenye subira.

Ghala la mafaili ya mfumo nalo nimelitaja, tulitazame. Windows huhifadhi nakala za mafaili yake kwenye folda iitwayo WinSxS. Mtaani wote tunaijua amri ya sfc /scannow, na tunaiendesha kwa kila ugonjwa. Amri hiyo hukagua mafaili yanayotumika, ikikuta bovu, huchota zima kutoka kwenye ghala. Sasa kama ghala lenyewe limeingiwa na wadudu, unachota mbegu mbovu kupanda shamba lilelile. Ndiyo maana lazima uanze na DISM, kwa amri hii: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hiyo huliponya ghala kwanza, kwa kuvuta mafaili safi kutoka intaneti au kutoka kwenye flashi ya usakinishaji ukiielekeza. Ikimaliza, ndipo sfc. Ukiona namba 0x80073712, ujue mashine imekutajia ghala kwa jina. Kuna wakati DISM husimama kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu. Iache.

Kufuta folda ya muda ya masasisho, ile SoftwareDistribution, nako kunasaidia mzigo ukiwa umeharibika njiani. Simamisha huduma mbili, wuauserv na bits, badilisha jina la folda, washa huduma tena. Windows itaumba folda mpya. Lakini kumbukeni kwamba mzigo wote utavutwa upya, na ni bando la mteja hilo. Mimi huiweka mwishoni, si mwanzoni kama video nyingi zinavyofundisha.

Namba zinazoanza na 0xC1900101 hutokea kwenye masasisho makubwa ya toleo, na karibu kila mara zinaelekeza kwenye draiva. Chomoa kila kitu kisicho cha lazima, printa, modemu, flashi, ondoa kwa muda programu ya kuzuia virusi iliyowekwa na mtengenezaji mwingine, halafu jaribu tena.

Hali ngumu zaidi ni ya mashine isiyowaka kabisa baada ya sasisho. Hata hapo, subiri. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, hujifungulia yenyewe mazingira ya uokoaji. Humo kuna sehemu ya utatuzi, chaguo za juu, na kuna kifungu cha kuondoa masasisho. Ondoa la mwisho, washa. Kama lilikuwa sasisho kubwa la toleo, mfumo wa zamani huhifadhiwa siku 10 kwenye folda ya Windows.old, na unaweza kurudi kwake.

Kwenye mazingira hayo unaweza kuulizwa ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48. Tafadhalini, sikilizeni hapa. Laptop mpya za Windows 11 mara nyingi huja diski imeshafungwa kwa BitLocker, na mwenyewe hajui. Ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, ile aliyoifungua siku ya kwanza, labda kwa barua pepe ambayo ameshaisahau. Zamani mashine ikifa tulichomoa diski, tukaipachika kwenye mashine nyingine, tukanakili mafaili. Diski iliyofungwa haisomeki hivyo, na hakuna fundi atakayeivunja. Ukifika nyumbani leo, ingia kwenye akaunti yako, uone kama ufunguo uko pale, uuandike kwenye karatasi, uitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Na nakala za mafaili. Najua mnalisikia hili kila mahali. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, toleo 1809, na watu kadhaa wakakuta folda zao za nyaraka na picha zimefutika baada ya kusasisha. Tarehe 6 Oktoba Microsoft ililisimamisha, ikalitoa upya tarehe 13 Novemba. Kuanzia hapo, masasisho ya usalama ya kila mwezi nayapokea mapema, lakini yale makubwa ya toleo nayasubiri wiki kadhaa, na siyaanzi kabla picha na kazi hazijakaa mahali pawili. Flashi ya elfu kumi na tano ingetosha kumwondolea yule mama mwalimu hofu aliyokuja nayo.

Niguse jambo ambalo kwetu ni kubwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya bure ya kawaida. Watu binafsi wameongezewa muda hadi 13 Oktoba 2026 kwa kujiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mtumba zinazotufikia, madukani na mashuleni, hazina sifa hizo. Kwa mashine hizo, sasisho linakataliwa mlangoni, na ujumbe wa kutofaa si hitilafu ya kutengenezwa. Anayekulazimishia Windows 11 humo kwa njia za pembeni anakuachia mashine ambayo Microsoft haikuhakikishii itaendelea kupokea masasisho. Shule inayopokea msaada wa kompyuta iulize kuhusu TPM kabla ya kushukuru na kupiga picha. Kwa zile zilizopo tayari, tuzungumze juu ya Linux mapema.

Sasa, kule nyuma mezani kuna laptop tatu zilizoletwa wiki hii, zote zimegoma kusasisha, na wenyewe wamekubali tuzifungue mbele yenu. Tuanze na ile nyeusi ya pembeni. Saa yake ni sahihi, diski ina gigabaiti 80 wazi, umeme upo. Namba iliyoandika hii hapa, naiandika ubaoni: 0x80070020. Yule binti wa mstari wa pili, njoo uchukue chaki. Nane umeshaijua, na 007 umeshaijua. Ishirini ya mfumo wa kumi na sita ni ngapi? Ndiyo, mbili mara kumi na sita. Andika 32, kisha kaa kwenye kibodi uiulize mashine. Isome kwa sauti, na wa nyuma wasikie: faili linatumiwa na programu nyingine. Haya, mwenye mashine yuko wapi? Karibu baba. Tuambie, ni programu gani ya kuzuia virusi imo humu, na nani aliiweka?